Timu isiyopata mikimbio: je, kosa ni la wazee na wanaosuasua?

Huku kwetu Unguja timu ikimaliza mechi tatu bila ya goli, hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: mshambuliaji kazeeka, na mwenzake hana msimamo, leo yumo kesho hayumo. Hukumu hiyohiyo naisikia siku hizi ikitolewa kwa mchezo ambao wengi wetu hatujawahi hata kulishika gongo lake. Mechi ya besiboli inayoanza Seattle, Marekani, saa 1 na dakika 10 usiku kwa saa za huko, kwetu huwa ni saa 11 na dakika 10 alfajiri. Anayetoka msikitini anaikuta ndiyo kwanza inachangamka. Maskani moja ya Michenzani wapo vijana wanaozifuata mechi hizo kwenye simu, wengi wao wafanyakazi wa mahoteli ya Nungwi na Paje waliofundishwa mchezo na wageni. Muuza kahawa akifika na dele lake, ubishi umeshakolea.

"Ami, timu imejaa wazee hii," kijana mmoja alinambia, macho hayatoki kwenye simu. "Na hao wasiokuwa wazee hawaaminiki. Leo anapiga tatu, kesho hapati hata moja."

Mashtaka mawili hayo hutamkwa kwa pumzi moja kama kwamba ni shtaka moja. La uzee lina ukweli ndani yake, ila halimpati kila mzee. La kusuasua, kwa sehemu kubwa, ni bahati nasibu ya kawaida ambayo watu wameigeuza tabia ya mtu. Na hata ukiyakubali yote mawili, bado hujaeleza kwa nini mikimbio haipatikani.

Kwa ambaye mchezo ni mgeni kwake, haya yanatosha. Kila timu ina awamu 9 za kupiga, na kila awamu huendelea mpaka watu wake watatu watolewe. Mpigaji anasimama na gongo mbele ya mrushaji. Akiupiga mpira na kufika salama besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzungukwa, hilo ni pigo safi. Mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji anapewa besi ya bure. Anayezunguka besi zote na kurudi alipoanzia ameipatia timu mkimbio mmoja. Wapigaji ni tisa, wanakwenda kwa zamu zilizopangwa kabla ya mechi, na nyota hawezi kuruka foleni. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja ni homrani, na wote waliokuwa kwenye besi wanaingia. Wastani wa .250 maana yake ni pigo safi moja kwa kila zamu nne, bila ya kuhesabu besi za bure. Anayefikia .300, yaani anayeshindwa mara saba katika kumi, ni mchezaji wa kujivunia.

Hiyo saba katika kumi ndiyo inayowapoteza watu waliokulia kwenye mpira wa miguu. Hapa kushindwa ndiyo kawaida ya kazi.

Tumchukue mpigaji wa .250 ambaye hana tatizo lolote. Hakuumia, hakugombana na kocha, na kila zamu ana nafasi ileile ya moja kwa nne. Kwa zamu nne katika mechi, nafasi ya kutoka mikono mitupu ni kama asilimia 32, karibu mechi moja katika kila tatu. Nafasi ya kutoka mikono mitupu mechi tatu mfululizo ni kama asilimia 3. Inaonekana ndogo, lakini msimu una mechi 162. Akicheza 150, ukame wa namna hiyo atakutana nao kama mara tatu kwa mwaka, na kila mara ukimkuta, maskani watasema kaanguka. Wiki ya pili yake akipiga mapigo safi mawili kila mechi watasema kafufuka. Mtu ni yuleyule.

Msimu mzima nao haukuokoi na mkanganyo huu. Kwa zamu 500, bahati peke yake inaweza kumsukuma mpigaji wa .250 takriban alama 20 juu au chini. Misimu miwili katika kila mitatu itaangukia baina ya .230 na .270, na wa tatu utatoka nje ya hapo bila ya yeye kubadilika chochote. Kumbuka pia kwamba tofauti ya mpigaji wa .250 na wa .300 ni pigo safi moja katika zamu 20, yaani moja kwa wiki hivi. Jicho la mtazamaji haliwezi kuiona tofauti hiyo. Linachoona ni ukame na mafuriko, kisha linatunga hadithi.

Mkulima wa Wete hawezi kuuhukumu mkarafuu kwa mavuno ya mwaka mmoja. Anajua kuna mwaka wa neema na mwaka wa uhaba, na mti mmoja hupitia yote mawili bila ya kuwa mgonjwa. Huuchunguza kwa majani, kwa matawi yanayokauka kuanzia juu, kwa mambo ambayo hayasubiri mavuno.

Kwenye besiboli nayo yapo ya kutazamwa kabla ya mavuno: mpigaji anatolewa kwa straiki mara ngapi (yaani amekosa au ameacha mipira mizuri mara tatu), anapata besi za bure ngapi, na mpira akiugusa unaondoka kwa kasi gani. Mambo haya hutulia mapema kuliko wastani wa kupiga, kwa sababu hayategemei kama mpira umeangukia kwenye nyasi tupu au kwenye mkono wa adui. Chris Davis wa Baltimore ni mfano wa anguko la kweli. Mwaka 2013 alipiga homrani 53. Mwaka 2018, akiwa na miaka 32, wastani wake ulikuwa .168, wa chini kuliko wote katika historia ya ligi kuu ya Marekani kwa mchezaji aliyetimiza idadi ya zamu zinazotakiwa. Kuanzia Septemba ya mwaka huo hadi Aprili 2019 alikwenda zamu 54 mfululizo bila ya pigo safi. Nani atasema bahati? Msimu ule wa 2018 alitolewa kwa straiki mara 192 katika mechi 128. Mara nyingi mpira alikuwa haugusi, na mpira usioguswa hauna bahati nzuri wala mbaya. Huyo basi hakuwa anasuasua. Kusuasua ni kupanda na kushuka, na yeye kuanzia 2016 hadi 2018 alikuwa anashuka tu.

Tuje kwenye uzee.

Mrushaji anasimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na kwa kuwa ananyoosha mguu mbele kabla ya kuachia, mpira unasafiri kama mita 17 tu. Ukirushwa kwa kilomita 153 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Kulizungusha gongo lenyewe kunakula kama sekunde 0.15. Inabaki robo ya sekunde ya kuona, kutambua ni mpira wa aina gani na kuamua. Mwili ukichelewa kwa sehemu mbili au tatu tu katika mia za sekunde, pigo lililokuwa linavuka ukuta linaishia juu ya kichwa cha mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Na warushaji hawasubiri mtu azeeke kwa amani: mwaka 2008 mpira wao wa kasi ulikuwa wastani wa kama kilomita 148 kwa saa, na miaka ya karibuni umepita 151.

Bill James, baba wa uchambuzi wa takwimu za mchezo huu, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba mpigaji hufika kileleni kwenye miaka 27. Waliokuja baada yake wamebishana hapa na pale, lakini wengi bado wako baina ya 26 na 29. Baada ya hapo mbio zinapungua kwanza, halafu uwezo wa kuugusa mpira. Uvumilivu wa kuchagua mipira ndio unaokawia kuondoka, na ndiyo maana baadhi ya wazee wanaendelea kupata besi za bure hata pale gongo limeshakuwa zito.

Kwa hiyo uzee upo. Tatizo ni jinsi tunavyouona. David Ortiz wa Boston alistaafu mwaka 2016 akiwa na miaka 40, na msimu wake wa mwisho alipiga .315 na homrani 38. Albert Pujols, ambaye watu walishamzika, alirudi St. Louis mwaka 2022 akapiga homrani 24 akiwa na miaka 42. Mtu akitazama hao anaweza kudhani uzee ni uvumi. Lakini wazee tunaowaona uwanjani ni waliobaki. Wenzao waliochoka kwenye miaka 33 hawapo tena wa kuhesabiwa, wameshatemwa. Ukitaka kujua miaka inamfanya nini mpigaji, usimlinganishe mwenye 38 na mwenye 26. Mlinganishe mwenye 38 na yeye mwenyewe alivyokuwa mwaka jana na juzi.

Kuna namna ya pili ambayo uzee unaivunja timu, nayo haitajwi sana maskani: watu wanakosekana. New York Yankees ya 2009 ilikuwa ya wakubwa. Derek Jeter alikuwa na miaka 35, na Johnny Damon na Hideki Matsui nao umri huohuo. Timu ile ilipata mikimbio 915, ikaongoza ligi kuu yote na kutwaa ubingwa, na Matsui akawa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ilipata mikimbio 650. Uzee ulikuwa umefika, kweli, lakini Jeter hakupiga vibaya msimu mzima. Alicheza mechi 17 tu, na Mark Teixeira akacheza 15. Zamu zao zilipigwa na watu waliookotwa njiani. Mwili wa miaka 38 unapona polepole, na anayekaa kwenye zamu yako ukiwa kitandani ndiye anayeishusha hesabu.

Msimu huohuo wa 2013, Houston Astros walikuwa na kundi la vijana watupu. Mikimbio yao ilikuwa 610, pungufu ya wazee wa New York waliojaa bandeji, na walitolewa kwa straiki mara 1,535, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kufikiwa na timu yoyote. Wakapoteza mechi 111. Ujana nao basi si dawa.

Ila kosa kubwa la mabishano yetu ni kudhani kwamba mashambulizi ni jumla ya wapigaji tisa, ukimtoa mbovu mmoja umetengeneza. Mikimbio haijumlishwi hivyo. Mkimbio, ukiacha homrani ya peke yake, unataka watu wawili watatu wafanikiwe wakifuatana kabla ya watatu kutolewa. Ni mnyororo. Tuchukue timu mbili: moja wapigaji wake wanafika besi mara 300 katika zamu 1,000, nyengine mara 340. Tofauti hiyo mtazamaji haioni. Lakini nafasi ya watu watatu mfululizo kufika besi ni kama 27 katika 1,000 kwa timu ya kwanza, na 39 kwa ya pili. Tofauti ndogo ya mtu mmoja mmoja imekuwa karibu mara moja na nusu kwa mnyororo. Ndiyo sababu timu dhaifu huonekana dhaifu kupita kiasi, na ndiyo sababu mapigo safi tisa yanaweza kuleta mikimbio sita leo na mmoja kesho. Yakija pamoja ni karamu. Yakija moja kila awamu, kila mtu anaachwa kwenye besi akipangusa vumbi.

Mnyororo huu pia unapotosha sifa. Mwaka 2017 Pujols, akiwa na miaka 37 katika timu ya Angels, aliwaingiza wenzake na yeye mwenyewe kwa mapigo yake hadi mikimbio 101, na wapo waliosema mzee bado wamo. Kiwango chake cha kufika besi kilikuwa .286, yaani mara 286 katika zamu 1,000, kibovu kabisa. Katika safu ileile alikuwepo Mike Trout, aliyefika besi kwa kiwango cha .442. Mzee alikuwa anakuta meza imeshaandaliwa.

Sasa nirudi Seattle, kwa sababu timu yao ya mwaka 2010 naiona ni mfano bora kuliko yote kwa suala hili. Timu ile ilipata mikimbio 513 katika mechi 162, zaidi kidogo ya mitatu kwa mechi, wakati timu ya kawaida ya ligi yake ilipata kama 720. Wastani wa kupiga .236, kiwango cha kufika besi .298. Félix Hernández alirusha vizuri kiasi cha kupewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi, na bado rekodi yake ilikuwa ushindi 13 na vipigo 12. Ukiwa mrushaji wa timu kama hiyo unaruhusu mkimbio mmoja na unakwenda nyumbani umefungwa.

Wazee walikuwepo. Ken Griffey Jr., mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zake, alikuwa na miaka 40. Alipata zamu zisizofika 100, ukiacha besi za bure, akapiga .184 bila ya homrani hata moja, na tarehe 2 Juni akatangaza kustaafu. Hapo yule kijana wa Michenzani angesema: si nilisema?

Lakini mzee wa pili kwenye safu ileile alikuwa Ichiro Suzuki, miaka 36. Alipata mapigo safi 214 kwa wastani wa .315, msimu wake wa 10 mfululizo kupita 200. Ichiro alipiga kwa upande wa kushoto, na gongo linapogusa mpira miguu yake ilikuwa imeshaanza safari ya besi ya kwanza. Mpira dhaifu unaoviringika kuelekea kwa mlinzi, ambao kwa wengine ni kutolewa, kwake ulikuwa pigo safi. Ukihesabu na besi za bure, alifika besi zaidi ya mara 250 mwaka ule, akaiba besi 42, yaani alichomoka mbio kwenda besi inayofuata bila ya kusubiri pigo la mwenzake. Akaingiza mikimbio ya miguu yake mwenyewe mara ngapi? 74. Alikuwa anafika, anaiba besi ya pili, halafu anasimama pale akiwatazama wenzake wakitolewa mmoja baada ya mmoja. Hata aliyeongoza timu kwa homrani, Russell Branyan, alikuwa na miaka 34. Alipiga 15, tena alifika katikati ya msimu.

Waliokuwa wanatolewa ni akina nani? José López alikuwa na miaka 26, umri wa kilele. Mwaka 2009 alipiga .272 na homrani 25. Mwaka 2010 akapiga .239 na homrani 10. Franklin Gutiérrez, miaka 27, alishuka kutoka .283 hadi .245. Casey Kotchman, naye 27, alipiga .217. Kama kuna hati ya mashtaka ya kuandikwa, majina ya vijana yaje mwanzo.

Na kabla yao, lije jina la ofisi. Mwaka 2009 Branyan alikuwa hapohapo Seattle na alipiga homrani 31. Aliachwa aondoke, nafasi yake ya besi ya kwanza akapewa Kotchman, kisha msimu ulipoharibika akafuatwa tena Cleveland. Adrián Beltré naye aliondoka mwisho wa 2009, baada ya kupiga .265 na homrani 8 akiwa na miaka 30. Aliyetazama namba zile angeapa kwamba jua lake limekuchwa. Mwaka uliofuata, yuko Boston, akapiga .321 na homrani 28. Baadaye alifikisha mapigo safi 3,000, na mwaka 2024 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo.

Umri wa Beltré ulikuwa umeongezeka mwaka mmoja. Kilichobadilika pia ni uwanja. Hewa ya Seattle ni ya baridi, inatoka baharini, mpira hauendi mbali. Na kuta zilikuwa nyuma sana, hasa upande anaolenga mpigaji wa mkono wa kulia kama yeye. Wenyewe walikubali baadaye, wakazisogeza kuta mbele kabla ya msimu wa 2013. Denver ni kinyume chake. Mji ule uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpigaji wa kawaida huonekana jabali. Namba za mpigaji zisomwe pamoja na anuani yake.

Zisomwe pia pamoja na mwaka. Mwaka 1968 bingwa wa kupiga wa ligi ya American, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Carl Yastrzemski, alitwaa taji kwa .301 tu. Wapigaji hawakuzeeka wote usiku mmoja. Warushaji walikuwa wamewazidi nguvu, na wakuu wa mchezo wakaamua kukipunguza kilima cha mrushaji kutoka sentimita 38 hadi 25. Mwaka 2022 wastani wa ligi kuu nzima ulikuwa .243, wa chini kuliko yote tangu mwaka ule. Msimu uliofuata sheria ikakataza walinzi kurundikana upande mmoja wa uwanja, na wastani ukapanda hadi .248. Mtu aliyepanda alama tano mwaka 2023 alipanda pamoja na mji mzima.

Nilimweleza kijana yote hayo, naye akanijibu kwamba mwisho wa yote Ichiro alizeeka. Ni kweli. Mwaka 2011, akiwa na miaka 37, alishuka hadi mapigo safi 184 na wastani wa .272, na hakupanda tena hadi 200. Mwaka huohuo timu ya Seattle ilipata mikimbio 556, zaidi ya mwaka uliotangulia kwa 43.